Mtoto mnene hatibiwi peke yake

MAMA mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu jijini Nairobi akiwa amemshika mkono mwanawe wa kiume, umri wake miaka tisa. Hakuketi. Alimgeuza mtoto, akaivuta chini kola ya shati lake la shule na kuniambia: "Daktari, hebu tazama shingo hii. Nimeisugua kwa dodoki, nimeisugua kwa jiwe, nimebadilisha sabuni mara tatu. Uchafu hautoki."

Haukuwa uchafu. Ngozi iliyokuwa nyuma ya shingo ya mtoto yule ilikuwa nyeusi, nzito na yenye mikunjo midogo midogo kama kitambaa cha mahameli. Kwapani kulikuwa vivyo hivyo. Daktari aionapo alama hiyo kwa mtoto mnene hafikirii sabuni. Hufikiria insulini, ile homoni inayotolewa na kongosho ili kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza katika chembechembe za mwili. Mwili uliojaa shahamu huacha kuitii insulini ipasavyo. Kongosho nayo hulazimika kutoa nyingi zaidi, na wingi huo ndio unaochochea ngozi kuota nene na nyeusi. Ni dalili kwamba kisukari kinaweza kuwa njiani, ingawa bado hakijabisha hodi.

Nilimpima. Kilo 46, sentimita 136. Mamake alishangaa nilipomwambia kuwa taabu haikuwa ya shingo bali ya uzani. "Lakini huyu ana afya, daktari," akasema. "Hajawahi kulazwa tangu azaliwe."

Kisha akatoa ombi ambalo karibu kila mzazi hulitoa, na ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Basi niandikie dayati yake."

Sikumwandikia. Nitaeleza ni kwa nini, lakini itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe. (Mambo madogo madogo kuhusu watoto hawa nimeyabadilisha ili wasitambuliwe na majirani.)

Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo niliandikia dayati msichana wa miaka 12 aliyeletwa na babake. Nilikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, na niliiona kuwa nzuri sana. Asubuhi, kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa na yai la kuchemsha. Saa nne, tufaha. Mchana, samaki wa kuchoma na saladi. Jioni, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Nilitia sahihi yangu, nikamwambia binti arudi baada ya miezi mitatu. Yote hayo yalichukua kama dakika 15, na nje kulikuwa na foleni.

Sikuuliza nyumbani kwao walikuwa watu wangapi. Walikuwa saba, na walikuwa wakipakua kutoka sufuria moja. Sikuuliza ni nani aliyepika, wala tufaha lilikuwa likiuzwa pesa ngapi mtaani kwao.

Alirejea baada ya mwaka mzima, tena si kwa sababu ya uzani. Alikuwa amezirai shuleni wakati wa gwaride. Polepole, baada ya kumwomba babake atupishe, nilipata kisa chote. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Kila binti aliponyoosha mkono kuchukua chapati, kakake aliisoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya watu wote. Basi akaacha kula mbele za watu. Mchana alishinda na njaa, na usiku wenzake walipolala aliingia jikoni akala alichokipata, kisha akatia kidole kooni ili atapike. Uzani wake ulikuwa umeongezeka kwa kilo tisa.

Binti huyo sasa yu chini ya daktari wa akili na mtaalamu wa lishe. Mimi karatasi zile nilizichoma.

Wasomaji watasema kosa lilikuwa la huyo kaka mtu, au la baba aliyeibandika karatasi. Sikubali. Kosa lilikuwa katika fikira yenyewe kwamba mtoto mmoja anaweza kutolewa katika jamaa yake, akapewa sheria zake peke yake, sahani yake peke yake na aibu yake peke yake, kisha apungue. Mtoto wa miaka tisa au 12 hanunui unga. Hanunui mafuta ya kupikia. Hapangi jamaa itakula saa ngapi, wala hachagui kuishi ghorofa ya nne mahali ambapo uwanja pekee wa kuchezea ni maegesho ya magari. Tunamtoza mtoto deni ambalo hakulikopa.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini kwa muda mrefu. Mwaka 1990 Leonard Epstein na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka kumi watoto wanene waliokuwa wameanza matibabu wakiwa na umri wa kati ya miaka sita na 12. Jamaa zote zilifundishwa mambo yale yale kuhusu chakula na mazoezi. Tofauti ilikuwa ni nani aliyetuzwa kwa kubadilika: katika kundi la kwanza ni mtoto pamoja na mzazi, katika la pili ni mtoto peke yake, na katika la tatu jamaa zilituzwa kwa kuhudhuria vikao tu. Watafiti walipima asilimia ambayo uzani wa mtoto ulikuwa umepita ule unaostahili rika lake. Baada ya miaka kumi, waliotibiwa pamoja na wazazi walikuwa wamepungua kwa 7.5. Wale wa kundi la tatu walikuwa wamepanda kwa 14.3. Waliotibiwa peke yao walikuwa katikati, nao pia walikuwa wamepanda, kwa 4.5.

Mwaka 1998 Moria Golan na wenzake huko Israel walikwenda mbali zaidi. Katika kundi moja waliwaita wazazi tu kwenye vikao, na watoto wakabaki nyumbani. Watoto hao ambao hawakuketi mbele ya mtaalamu walipungua zaidi kuliko wale walioitwa wao wenyewe. Niliposoma utafiti huo kwa mara ya kwanza nilicheka, halafu nikamkumbuka binti wa karatasi.

Epstein ndiye pia aliyevigawa vyakula kwa rangi za taa za barabarani, na mimi hutumia mpango huo kwa vyakula vyetu. Kijani ni sukuma wiki, mchicha, managu, kabichi na matunda ya msimu, na hivyo mtoto ale ashibe. Manjano ni ugali, githeri, maharagwe, ndengu, nduma, viazi vitamu, samaki na maziwa. Hivyo ni chakula cha kila siku, lakini kwa kiasi. Nyekundu ni chipsi, soseji, mandazi, biskuti na soda, navyo viwe vya nadra. Ila sisi wa Nairobi twajua kwamba taa inaweza kuwaka nyekundu na polisi akaruhusu magari yapite. Nyumbani polisi huyo huwa ni nyanya.

Nirudi kwa kijana wangu wa shingo nyeusi. Jambo la kwanza nililomweleza mamake lilimwondolea hofu: sikutaka mtoto akonde. Nilitaka uzani wake usimame huku urefu ukiendelea. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 46 kwa urefu wa mita 1.36 ni karibu 24.9. Kwa mvulana wa miaka tisa hiyo ni juu sana, ukitumia viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2007 kwa watoto wa miaka mitano hadi 19. Lakini mtoto wa umri huo hurefuka kwa sentimita tano au sita hivi kila mwaka. Akibaki na kilo zile zile 46 hadi afikishe sentimita 147, kipimo kitakuwa 21.3, naye kwa umri atakaokuwa nao atakuwa ametoka katika kundi la unene wa kupindukia. Hajapoteza hata kilo moja, na hajalala njaa hata siku moja.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kumtibu mtoto na kumtibu mtu mzima. Mtoto mwenye unene usio mkali sana, na ambaye bado hajabalehe, ana urefu kama akiba. Kumfungisha ili kilo zishuke upesi ni kuitupa akiba hiyo na kuuweka hatarini ukuaji wake. Kwa vijana waliokwisha kurefuka, au wenye unene mkali sana, uzani huhitaji kushuka kweli, lakini hiyo ni kazi ya kufanywa polepole chini ya macho ya daktari.

Jambo la pili nililomwomba mama ni kwamba kikao kifuatacho asije na mtoto peke yake. Aje na kila mtu anayeshika mwiko nyumbani kwake.

Walikuja watatu: mama mwenyewe, nyanyake mtoto na yaya. Naomba nikae kidogo kwa hao wawili, maana vitabu vyetu vya chuoni havikuwataja kabisa.

Mama huyu huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aikwepe misongamano ya magari, na hurudi giza limeingia. Kwa hivyo yaya ndiye anayeamua mtoto ale nini kuanzia jioni anaposhuka kwenye basi la shule. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, na mwanzoni hakusema neno. Nilipomuuliza mtoto hula nini akifika nyumbani, alimtazama mwajiri wake kwanza, kisha akasema: "Daktari, akifika huwa analilia biskuti na juisi. Mama hayupo. Akilia sana majirani husema namtesa. Nikimpa, hunyamaza."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vya damu nilivyoagiza. Mimi nilidhani tatizo ni ulafi, kumbe ni hofu ya msichana ya kupoteza kazi. Tulikubaliana hapo hapo, mama akisikia, kwamba biskuti na juisi ya kukoroga havitanunuliwa tena, si kwa mtoto huyu tu bali kwa nyumba nzima. Tulikubaliana pia kuwa mtoto akifika jioni atapata ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha na maji, na kwamba akilia, yaya hatalaumiwa. Alilia kwa siku nne. Siku ya tano hakulia.

Nyanya alikuwa mgumu zaidi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Daktari mwanangu, mimi sina elimu yako. Lakini mjukuu wangu akikonda, watu watasema nini? Si watasema ana ule ugonjwa?"

Wasomaji walio na umri kama wangu hawahitaji kufafanuliwa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule miaka ya 1990, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza watu nasi hatuna dawa za kuudhibiti. Mtu akilegea kola ya shati, mtaa mzima ulianza kunong'ona. Tangu hapo, na hata kabla, wengi wetu tumelea watoto tukiamini kuwa kunenepa ni ushahidi wa kwamba nyumba ina amani na chakula. Kumkejeli nyanya kwa hofu hiyo ni kukosa kumbukumbu.

Kwa hivyo sikumhutubia. Nilimuuliza yeye aliwalea vipi watoto wake mashambani. Akanieleza jinsi walivyokuwa wakiteka maji mtoni kabla ya kwenda shuleni, na wakifika huko kwa miguu. Mafuta ya kupikia yalinunuliwa kwa kupimiwa dukani. Chapati zilionekana Krismasi. "Na hakuna hata mmoja aliyekuwa hivi," akamalizia, huku akimwangalia mjukuu wake kama aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Nilimkabidhi mafuta. Nyumba ile ilikuwa ikimaliza mtungi wa lita tano kwa wiki tatu, nao walikuwa watu sita. Ukipiga hesabu, kila mmoja alikuwa akila zaidi ya vijiko viwili na nusu vya mezani vya mafuta kila siku, yaani kalori zaidi ya 300, na hapo hujatia chipsi za dukani. Wazazi wengi huniuliza kama waache ugali. Ugali haujanikosea kitu. Gramu moja ya wanga ina kalori nne, na gramu moja ya mafuta ina tisa. Sukuma wiki inayoogelea kwenye mafuta inaweza kuwa nzito kuliko ugali unaoilalamikia. Tangu siku hiyo nyanya hupima mafuta kwa kijiko, na hakuna anayethubutu kuigusa chupa bila ruhusa yake. Mtungi sasa huenda wiki tano.

Kuhusu soda nitasema machache. Soda ya kola ya nusu lita huwa na takriban gramu 53 za sukari, kama vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula. Kwa mtoto wa miaka tisa, chupa hiyo moja imekwisha kuvuka mpaka, na bado hajanywa chai.

Kisha kuna usingizi, ambao wazazi huona kuwa hauhusiani kabisa. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala kati ya saa tisa na 12 kila usiku. Kijana wangu alikuwa akiamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili alipate basi, na alikuwa akimaliza kazi ya ziada saa nne usiku. Mtoto asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi, hasa ya vitu vitamu, na huwa hana nguvu za kucheza. Tena atacheza wapi? Inapendekezwa mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuruka na kukimbia kila siku. Lakini katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya viungo kipo kwenye ratiba tu. Mwalimu wa hesabu hukichukua, na sisi wazazi humshukuru.

Babake mtoto alikuja katika kikao cha tatu. Wanaume wetu hudhani kliniki ya watoto ni ya kina mama. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akileta kuku na chipsi kila Ijumaa, kama fidia ya kutoonekana wiki nzima. Nilimwomba Ijumaa hizo aje mapema kwa saa moja akiwa na mpira. Ameitikia nusu: mpira upo, na chipsi pia zipo, ila zimekuwa za mara moja kwa mwezi.

Masharti mengine tuliyowekeana ni haya. Hakuna sahani maalum ya mtu yeyote. Mtoto hupimwa mara moja kwa mwezi, katika chumba changu, mlango ukiwa umefungwa. Mizani ya bafuni iliwekwa juu ya kabati. Na jina la "Kibonge" likafa siku hiyo, hata kwa utani. Mtoto anayeitwa hivyo hujifunza kujificha, na anapojificha ndipo anapokula.

Najua wapo watakaosema kwamba hizi ni shida za matajiri, na kwamba Kenya ina watoto wanaolala njaa. Ni kweli wapo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wenye uzani uliozidi ni asilimia tatu. Lakini angalia ni watoto gani wanaohesabiwa: wa chini ya miaka mitano tu. Wanaofuata hawaonekani humo. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2014 uliona kuwa thuluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi. Haiwezekani wote walinenepa ghafla siku ya arusi. Tena mtoto aliyedumaa akiwa mdogo anaweza kunenepa baadaye akianza kulishwa mandazi na chipsi za kibandani, ambazo mara nyingi ni rahisi kuliko matunda. Nimewaona watoto kama hao kutoka mitaa isiyo na tajiri hata mmoja.

Nionavyo mimi, upungufu wetu unaanzia kwenye kile kijitabu cha kliniki. Mtoto hupimwa kila mwezi na mstari wa ukuaji huchorwa. Ukishuka, muuguzi hushtuka. Ukipanda kupita kiasi, mama husifiwa. Baada ya chanjo ya pili ya surua mtoto akiwa na miezi 18, akina mama wengi hawarudi tena kupima, na kuanzia hapo hakuna anayemwangalia mtoto hadi augue. Natamani kila mtoto apimwe uzani na urefu angalau mara moja kwa mwaka shuleni, faraghani, na barua iende kwa mzazi, si kwa darasa.

Baada ya kupima, tuwapeleke wapi? Hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu na kujilaumu mwenyewe. Januari 2023 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba mpango wa kudhibiti uzani wa mtoto, ili ufae, unahitaji angalau saa 26 za kukutana ana kwa ana na jamaa kwa muda wa miezi mitatu hadi 12. Saa 26! Mimi nilimpa yule binti dakika 15 na karatasi.

Wengi husoma mwongozo huo na kuona dawa tu. Ni kweli unaruhusu dawa kwa walio na miaka 12 na zaidi, na hata kuwapeleka kwa mpasuaji wenye miaka 13 na zaidi ambao unene wao ni mkali sana. Sindano ya semaglutide iliidhinishwa Marekani kwa vijana wa kuanzia miaka 12 mnamo Desemba 2022. Sizipingi dawa hizo. Yuko kijana ambaye ini lake limejaa mafuta au kisukari kimeshamfika, naye anastahili kupelekwa kwa daktari bingwa aamue. Lakini sindano si ya mtoto wa miaka tisa, wala si ya kununuliwa kwenye duka la dawa kwa ushauri wa shangazi. Nazo chai za kupunguza unene, nyingi kazi yake ni kuharisha. Zinachotoa ni maji na chumvi za mwili, si shahamu.

Saa 26 zinaonekana nyingi hadi uzigawanye. Vikao 18 vya dakika 90 ni saa 27. Hilo linawezekana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule au wa kanisa, jamaa kumi pamoja, mtaalamu mmoja wa lishe wa kaunti akiwa na sufuria na jiko, na daktari akipita mara moja kwa mwezi. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu wa kuilipa mishahara ya Jumamosi, na hadi leo sijampata. Hizi familia tano ninazokutana nazo ninakutana nazo kwa muda wangu, na siwezi kudai kwamba huo ni mpango wa nchi.

Kwa mzazi asiyeweza kungoja, kuna dalili ambazo hazifai kuahirishwa. Mtoto mnene anayekoroma usiku na kukatika pumzi, anayeamka mara nyingi kukojoa na kunywa maji, mwenye weusi wa shingo kama nilioueleza, au anayechechemea akilalamikia goti: mlete. Maumivu ya goti kwa kijana mnene huweza kuwa ni ya nyonga inayoteleza, na hiyo ni dharura. Mwombe daktari ampime shinikizo la damu kwa mkanda unaotosha mkono wake, kwani mkanda mdogo hutoa jibu la uongo. Na ikiwa mtoto wako ni mnene lakini pia ameacha kurefuka, usikubali kuambiwa ni chakula tu. Homoni ambazo wazazi hupenda kuzisingizia ni nadra kuwa ndizo chanzo kwa mtoto anayerefuka vizuri, lakini kwa huyu wa pili lazima zichunguzwe.

Kijana wangu alikuja tena wiki mbili zilizopita. Ni miezi 14 sasa. Ana kilo 47 na sentimita 143, ambayo ni karibu 23. Haikuwa safari iliyonyooka: Desemba walikwenda mashambani akarudi na kilo mbili zaidi, na hadi Machi tulikuwa bado tukizifukuza. Dadake mdogo, ambaye hakuna aliyemleta kwangu, naye ameacha soda. Nyanya aliomba apimwe shinikizo la damu, nalo lilikuwa juu, kwa hivyo sasa nina mgonjwa mwingine kutoka nyumba hiyo.

Shingo bado ni nyeusi kidogo, ila ile mikunjo imelainika. Mamake ameacha kuisugua.